Dada Yetu, Mpambaji wa Madirisha (1957–2024)

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliotoka mbali, poleni na safari. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Kamati ya maziko iliniomba nusu ukurasa wa wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki mlichopewa. Nimeandika zaidi, na nilikwenda mwenyewe kwa mchapaji nikakaa pale mpaka kazi ikaisha, ili asitokee mtu wa kupunguza maneno. Nina hasira, siwafichi. Nitajitahidi kwenda kwa utaratibu: nitasoma kilichochapwa, na ninayoyaona hapa leo nitayaongeza kwa mdomo.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mstari wa tatu, mlango wa bluu. Baba alikuwa fundi wa mabomba hapo kiwandani na mama alikuwa mshonaji. Mama alitusimulia kwamba huyu, hata kutembea hajatembea vizuri, alikuwa akiokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani na kuvipanga sakafuni kwa rangi. Ukimvurugia, analia mpaka jirani anakuja kuuliza kulikoni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na sekondari mwaka 1971. Alikuwa wa kwanza katika somo la sanaa miaka yote. Mwaka 1973, akiwa kidato cha tatu, mama aliugua, na ikaamuliwa kwamba mtu mmoja abaki nyumbani. Nasema ikaamuliwa kwa sababu hadi leo sijapata mtu wa kuniambia nani aliamua. Kaka yetu mkubwa aliendelea na masomo. Dada alibaki kupika, kufua na kunilea mimi niliyekuwa na miaka mitano. Mwalimu wake wa sanaa alikuja nyumbani mara mbili kumwombea arudi darasani. Akapewa chai, akashukuriwa, akaenda zake.

Tarehe 3 Februari 1977 aliajiriwa kama mfagiaji katika duka kubwa la nguo na vitambaa, lile la ghorofa tatu, na akafanya kazi hapo miaka thelathini na tano. Mwaka 1979 aliyekuwa akipamba dirisha la mbele aliacha kazi ghafla, wiki ya ufunguzi wa shule. Dada aliweka ufagio kando, akaingia ndani ya kioo na mavazi ya watoto, madawati mawili na midoli minne. Kesho yake watu walijaa barabarani kutazama. Tangu siku hiyo kila dirisha la duka lile lilipambwa naye, mpaka alipostaafu mwaka 2012. Na mpaka alipostaafu, mkataba wake ulisema mfagiaji.

Mji ulikuwa na mashindano ya dirisha bora la duka. Duka lile lilishinda mara tisa. Ngao zote tisa zilipokelewa na mwenye duka. Mwaka 1991 aliulizwa jukwaani siri yake ni nini, akajibu, "Ni kipaji tu." Dada alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na kitambaa cha kufutia kioo kiko mkononi. Mwenye duka yuko hapa leo, safu ya tatu. Shikamoo yako nimekupa mlangoni, mzee, imetosha.

Basi, sasa nije kwenye kamera yake, maana alikuwa nayo, na popote alipokwenda alikwenda nayo. Duka lilimtuma miji mingine, na hata ng'ambo ya mpaka, kuchukua mizigo ya vitambaa. Yeye aliomba likizo ya siku moja, akatangulia kwa nauli yake, na siku hiyo alipiga picha madirisha ya maduka. Maduka ya viatu, ya mikate, ya vyombo, ya majeneza, yote kwake yalikuwa sawa. Watu walidhani ni mpelelezi. Mlinzi mmoja alimfukuza mtaa mzima, naye anakimbia huku anamwambia, "Lakini mmepanga vizuri jamani, hongereni!"

Kioo kina tabia ya kurudisha barabara nzima: magari, nguzo za umeme, na wewe mwenyewe na kamera yako. Kwa hiyo alisafiri na shuka jeusi, na nyuma yake alihitaji mtu wa kulinyoosha juu ili kioo kionyeshe kilichomo ndani tu. Kuanzia mwaka 1990, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Mikono iliwaka moto. Mara moja nilipiga chafya, shuka likaanguka, na filamu iliposafishwa alikuja juu: "Umeniharibia picha wewe! Ona, nimetokea kama mdoli aliyekosa kazi." Ndiyo picha iliyo jaladani. Tulipotafuta picha yake nzuri ya kuweka hapo, hatukuwa na nyingine.

Akishapiga, aliingia dukani na kuuliza, "Samahani, nani kapamba dirisha hili?" Wenye maduka walisema ni wao. Yeye alicheka kwa adabu, akasubiri. Hatimaye alitolewa mtu kutoka stoo, mwenye gundi vidoleni, na Dada alimshika mkono na kuandika jina lake. Kila picha nyuma ina mji, mtaa, tarehe na jina la aliyepamba. Picha ni elfu nne mia moja na kumi na mbili. Dirisha lake mwenyewe hakuwahi kulipiga hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikilipiga, nyuma nitaandika nini? Mfagiaji?"

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na meza yake ng'ambo ya barabara. Shemeji ndiye aliyegundua kwamba mwenye duka alikuwa akifunga kwa nje kimlango cha kuingilia humo dirishani, ati wateja wasiingie wakavuruga, na Dada anashinda humo ndani bila kula. Alivuka barabara, akamwinulia saa ya ukutani mbele ya kioo, akamwonyesha kwa kidole kwamba ni saa saba, wakati wa kula. Kesho yake tena. Siku ya nne aliingia dukani akadai kimlango kifunguliwe, akamtoa kwenda kula. Walijaliwa mabinti wawili. Shemeji, miaka arobaini umemheshimu dada yetu, na mimi nakushukuru mbele ya watu.

Ugonjwa ulianza na kikohozi, mwaka 2009. Humo dirishani alipuliza rangi na gundi za kopo, kioo mbele, mbao nyuma, hewa hakuna. Aliomba feni mara tatu kwa maandishi. Alijibiwa kwamba feni ingepeperusha mapambo. Daktari alipoona picha ya mapafu yake alimuuliza kama aliwahi kufanya kazi kiwanda cha rangi. Akasema, "Hapana daktari, dirishani." Tangu mwaka 2019 hakutembea bila mtungi wa oksijeni. Alilazwa tarehe 2 Aprili mwaka huu, wodi ya tatu, kitanda cha karibu na mlango.

Kitu kimoja tu alikitaka kwa lile duka: barua inayosema kwamba alikuwa mpambaji. Aliiomba mwaka 1986, mwaka 1994 na mwaka aliostaafu. Kila mara aliambiwa cheo hicho hakipo. Mwezi uliopita duka lilimtuma karani hospitalini. Duka linatimiza miaka sitini mwezi wa saba, wanataka kuzitundika zile picha kama historia yao, ingawa hakuna hata moja ya dirisha lao. Dada alivua kinyago cha oksijeni, akasema, "Leteni barua kwanza." Karani akasema atafikisha. Siku zilizofuata kila mlango wa wodi ulipofunguka aligeuza shingo. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Alifariki Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Barua haikuwa imefika.

Ilifika Jumanne. Ndiyo, siku mbili baadaye. Imepigwa muhuri, imewekwa kwenye bahasha nzuri, inasema marehemu alikuwa Mpambaji Mkuu. Kumbe cheo kipo! Kisha aya ya pili inasema kwamba kwa kuwa alizipiga picha hizo akiwa mpambaji wa duka, picha zote ni mali ya duka, na familia itie sahihi hapa chini. Kaka yetu mkubwa alishashika kalamu. Aliniambia, "Si ndicho alichokitaka? Mpe marehemu heshima yake, masanduku yale ya picha yanajaza chumba tu." Kaka, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu. Lakini mwaka 1973 alibaki nyumbani ili wewe umalize. Hili la leo hutalimaliza wewe.

Dada aliitaka barua hiyo aishike mkononi, aisome mwenyewe, amwonyeshe Shemeji. Hamkumpa. Leo mnampa jina la kazi yake ili mchukue kazi yenyewe, na majina ya wenzake wote walioandikwa nyuma mkayafunike kwa fremu! Aibu gani hii? Na shada mlilolileta hapa mbele lina utepe unaosema "Mfanyakazi wetu mwaminifu wa usafi." Jamani, hata barua yenu wenyewe hamkuisoma?

Sikutia sahihi, wala Shemeji, wala binti zake. Tumekaa sebuleni Jumatano, sisi wanne, tukakubaliana. Picha zinabaki kwa wanawe, na atakayetaka kuzitazama abishe hodi, akaribishwe, asome na nyuma.

Marehemu, mpambaji wa madirisha kwa miaka thelathini na mitatu, ameacha mume, mabinti wawili, mmoja muuguzi na mmoja mwalimu wa sanaa, wajukuu watatu, kaka wawili na wadogo wa kike wawili. Mwanga wa amani umfikie huko aliko, na apumzike, maana hapa hakupumzishwa.

Mzee mwenye duka, barua yako nimeiweka juu ya meza ya kutia sahihi rambirambi, pale mlangoni. Haijasainiwa. Ukitoka, ichukue.