Neno la Siri Mlangoni pa Pampu ya Simbo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Chuo chetu, wazee wa Simbo mliopanda pikipiki kuja kuniaga, walimu wenzangu, wahitimu, ndugu wageni waalikwa: wakubwa wangu shikamooni, na wengine hamjambo?

Nimeombwa, kabla sijastaafu, niseme nimewafundisha nini vijana wa kompyuta. Nimewafundisha kwamba kifaa chochote kinachopokea amri kupitia mtandao, iwe pampu, mita au taa ya barabarani, kinaweza kupokea amri ya adui pia. Je, wamenielewa? Mitihani wamejibu vizuri sana.

Mnamkumbuka Nehemia, kijana hodari kuliko wote waliopita mikononi mwangu. Ndiye aliyeiunganisha pampu ya maji ya Simbo na simu, akaiwekea neno la siri gumu, kama nilivyomwelekeza. Kamati ya maji ikamwita. Mzee Gervasi, yupo hapa na ninamheshimu, akamuuliza, "Mwanangu, maji ni ya wote, sasa ufunguo unaukalia wewe kama nani?" Nehemia akaona haya kuonekana mchoyo wa maji kwao. Akaliandika lile neno kwa rangi nyeupe mlangoni pa kibanda cha pampu. Mpita njia akapiga picha, picha ikazunguka kwenye simu za watu, na mtu tusiyemjua, aliye huko tusikokujua, akaiwasha pampu kisima kikiwa kikavu mpaka ikaungua.

Tangu hapo muuguzi Rahabu wa zahanati ya Simbo anazalisha kina mama kwa maji ya ndoo kutoka mtoni. Mmoja alipata maambukizi, tukamzika. Nilipoeleza chanzo chake pale msibani, niliambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Pampu mpya imefika, inazinduliwa Jumamosi. Somo langu nalo linafutwa mwakani, kwa kuwa hakuna wa kulifundisha. Nimekata tamaa, ndugu zangu, na sioni kwa nini niwafiche siku ya kuagana.

Jana Nehemia alinipigia simu, furaha tele. "Mwalimu, safari hii kamati imekuenzi. Neno la siri ni jina lako. Tumeshaliandika mlangoni, kubwa, mtu analisoma akiwa barabarani."

Wazee wangu, kwa heshima hiyo nawashukuru. Na wewe mgeni usiyenifahamu, naitwa Skolastika. Asanteni nyote kwa usikivu wenu.