Fundi Mita na Kiungo cha Chumba cha Pasi

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mita, kwa sababu mita yake ndogo ya kupimia umeme haikumtoka mfukoni, hata kwenye harusi. Anayewasomea haya ni mdogo wake wa kike. Anaomba mmvumilie, maana humu mna jambo ambalo yeye mwenyewe amewaficha miaka arobaini.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza 1966, kisha akasomea ufundi umeme miaka miwili. Nyumbani alituchosha: volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu, volti zidisha kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Mama akamwambia, "Mwanangu, gawanya utakavyo, ila hiyo taa ya jikoni iwake kabla sijaunguza mboga." Iliwaka baada ya siku tatu.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1978 alivuta umeme wa pasi nne mpya, ya nane hadi ya kumi na moja, katika chumba cha pasi. Waya haukufika, akaunga kipande kingine ndani ya dari kwa kusokota na kuzungushia utepe tu, akijiambia wiki ijayo atarudi kuweka kiungo cha skrubu. Hakurudi. Kwenye daftari la matengenezo aliandika: "Imekamilika."

Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1981, saa nne asubuhi, dada wa pasi ya mwisho, ya kumi na moja, alimwita. "Fundi, hii pasi yangu vuguvugu tu. Nakandamiza mpaka mkono unauma."

Alipima. Kwenye swichi kubwa, volti 240. Kwenye pasi, 216. Mkondo wa pasi zile nne, ampea 18. Volti 24 zilikuwa zimepotea njiani. Akagawanya ishirini na nne kwa kumi na nane: omu moja na theluthi, mahali panapotakiwa pasiwe na kitu. Akazidisha: wati 432. Karibu nusu ya joto la pasi moja lilikuwa linachemka ndani ya dari ya mbao, kwenye vumbi la pamba la miaka mitatu, na chini yake wanawake kumi na mmoja wanafanya kazi. Fyuzi haikukatika kwa kuwa mkondo wenyewe haukuzidi. Naye alijua hasa ni wapi.

Msimamizi alisimama mbele ya swichi. "Mzigo unaondoka saa nane. Pasi moja imepoa, unataka uzime chumba kizima?"

"Kuna moto unakuja, bosi. Umo darini."

"Dari yote hii? Nionyeshe ni wapi. Kama hujui, watu waendelee."

Angeweza kusema hajui. Angepanda ngazi, akajifanya anatafuta huku na huku, akapoteza saa nzima na kuokoa kazi yake. Mjane wake, aliyekuwamo chumbani, anasema alitazama juu, akanyoosha kidole.

"Juu ya pasi ya nane," akasema. "Niliunga mimi, vibaya, na daftarini nikaandika uongo." Akamsogeza msimamizi kwa bega, akazima.

Ubao ulipobanduliwa, upande wa ndani ulikuwa mweusi kama mkaa na unafuka moshi. Kabla ya saa sita alikuwa ameshafukuzwa kazi.

Mdogo wake aliona aibu. Akawaambia majirani kwamba kaka ameacha kazi mwenyewe, anataka kujitegemea. Watoto wa marehemu walizaliwa wakaukuta uongo huo tayari, wakauamini.

Tangu hapo alikuwa fundi wa kutembea. Dari haifungwi mpaka kila kitu kiwashwe saa nzima, naye apime huku na kule. Wenye nyumba walimlalamikia, "Fundi, funga basi, tumechoka." Jibu lake lilikuwa moja: "Bado."

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na dada wa pasi ya kumi na moja. Miaka miwili ya kwanza baada ya siku ile ya dari, dada huyo hakutaka hata kumwona. "Kila siku nilikuwa napita chini ya kile kitu," alimwambia, "na wewe ulikuwa unanisalimia." Mita alisema pole, akaenda zake, na wiki iliyofuata akarudi kusema pole tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Juni 2021, saa kumi jioni. Siku nne kabla, alimwambia mdogo wake, "Kwenye wasifu wangu uandike na habari ya ile dari."

"Kaka, watoto hawaijui. Niwaambie makaburini, mbele za watu?"

"Wawili wao ni mafundi umeme. Na wao wanaunga waya, na wao wanachoka."

Mdogo wake alilia kwa hasira, akakubali.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake huyu. Na nyinyi wawili mafundi, baba yenu ameagiza: kama kuna dari mliyoifunga mkijiambia mtarudi, kesho asubuhi chukueni ngazi. Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu usingizi wa amani.