Saa ya Chaki Juu ya Kifuniko

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia inawasomea safari ya mama yetu, mpishi wa sherehe mliyemzoea kwa jina la Mama Chaki, na tutaisoma kwa ufupi kwa sababu ndivyo alivyoagiza, na mkisikiliza mpaka mwisho mtaona kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na masomo yakaishia hapo, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu mama yake aliugua na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwapikia.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika jiko la chuo cha ualimu, akaanzia kumenya vitunguu na kupanda hadi msaidizi wa mpishi mkuu, na tarehe 12 Desemba 1976 alifunga ndoa na dereva wa lori la chuo hicho, mtu wa maneno machache na sahani mbili mbili, wakajaliwa watoto watatu, kisha mwaka 1988 akaacha ajira na kuanza kupikia sherehe uani kwake, akiwa na masufuria sita na meza mbili.

Yanayofuata alitaka yasomwe bila kupunguzwa. Ijumaa, tarehe 13 Agosti 1993, alipika kuku wa karamu ya kumuaga mwalimu mkuu wa shule ya jirani, akafunika sufuria kubwa ingali ya moto, akaiacha mezani mpaka kesho yake, na wageni walipowahi kufika, akawapasha kuku mpaka wakawa vuguvugu tu, akapakua. Watu thelathini na mmoja walilazwa, akiwemo mama mkwe wake, ambaye hakuisahau habari hiyo wala kuwaruhusu wengine waisahau, ingawa kwa rehema za Mungu wote walipona. Mumewe alimshauri aseme yalikuwa ni maji, naye akajibu kwamba maji hayana mdomo wa kujitetea, akachukua orodha ya wageni, akazunguka nyumba kwa nyumba siku tisa, akieleza alichokosea na kuomba radhi.

Kwa mwaka mmoja na miezi saba hakuna aliyemwita kupika, mpaka yule mwalimu mkuu, aliyeugua kuliko wote, alipompa kazi tena, akisema hakuna atakayempikia kwa uangalifu kama mtu aliyekwisha kumlaza hospitali.

Tangu hapo kila sufuria iliyotoka motoni iliandikwa saa kwa chaki juu ya kifuniko, na chakula kilichokaa saa mbili bila moto kilimwagwa, awe anasubiriwa nani, kiporo kilitandazwa kwenye sinia kipoe upesi na kupashwa mpaka kichemke, kisu cha nyama mbichi hakikugusa kachumbari, na mpishi mwenye tumbo la kuendesha alirudishwa nyumbani, hata dada yake wa damu. Watu walimcheka, naye alicheka nao huku akiandika.

Tarehe 24 Juni 2006 binti yake wa kwanza aliolewa, basi la upande wa bwana harusi likaharibika njiani, mvua ikazima majiko yote, na saa ya chaki ikapita, basi Mama Chaki akamwaga masufuria matatu ya nyama mbele ya wakwe, akawaketisha kwa mkate, chai na mayai yaliyochemshwa papo hapo kwenye jiko dogo la mkaa ndani ya nyumba. Binti aliona ameaibishwa, akakaa miezi kumi na moja bila kukanyaga kwa mama yake, mpaka alipojifungua na mama akaja na uji, kifuniko kimeandikwa saa, binti akaisoma, akaunywa uji, wala hawakuizungumza tena harusi ile. Binti huyo ndiye anayewasomea sasa, na kinachomuuma ni kwamba hakuwahi kumwambia mama yake kuwa alikuwa na haki.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara nne, na kila mara aliwauliza wauguzi uji wa wodi umeepuliwa saa ngapi, hadi alipofariki dunia tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuazima mabenchi na masufuria, na wapishi wenzake waliopika leo uani kwake. Chakula kimeepuliwa saa sita na nusu, binti ameandika mwenyewe kwa kipande cha chaki alichokikuta katika mfuko wa aproni ya marehemu, kwa hiyo hotuba zilizobaki zitasubiri, na maji na sabuni viko mlangoni.

Mama, ulikuwa na haki. Saa tumeandika, mikono tunanawa, nawe sasa pumzika kwa amani.