Délima Kallunki wa Maili 88, na Treni Iliyopita Bila Kusimama

Baba Padri, majirani wa Wexcombe, ndugu na marafiki mliokuja kutoka pande zote za reli, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, Reino Kallunki, na inasomwa na binti yao Mireille, kwa kuwa mwandishi hakuiamini sauti yake kuifikisha mwisho.

Délima Kallunki, kwa jina la kwao Brisebois, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika Maili 88, mahali ambapo hapana barabara wala hapajawahi kuwa nayo, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mzee Ovila Brisebois, mnyapara wa genge la reli, na mkewe Rose-Alma, na mkunga aliyempokea alishushwa na treni ya magogo iliyosimama baada ya Ovila kuipungia mkono, maana huko kwetu kaskazini hapakuwa na stesheni, mtu alisimama kando ya reli akapunga, nayo treni ikasimama.

Shule nayo ilikuja kwa reli. Behewa lenye madawati kumi na mawili, ramani moja na jiko la kuni liliachwa Maili 88 siku tano kila mwezi, mwalimu akagawa kazi ya wiki tatu kisha akavutwa kwenda kwa watoto wengine, na humo Délima alisoma tangu Septemba 1957 hadi Juni 1965, ndipo akapelekwa kwa masista hapa Wexcombe, akamaliza sekondari mwaka 1969, akisema mpaka uzeeni kwamba shule isiyotembea ilimchosha.

Aliajiriwa na reli kama karani tarehe 5 Januari 1970, na tarehe 1 Mei 1976 akawa kondakta, mwanamke wa kwanza kuvaa koti lile katika njia hii, akalivaa miaka thelathini na sita. Mwezi Agosti 1977 alipanda treni yake mwalimu wa hisabati aliyetoka chuo kikuu hivi karibuni, naye amebeba mtumbwi. Délima akamkatia tiketi yeye, akaukatia na mtumbwi, na mwalimu alipoonyesha kwamba jirani yake, mtega wanyama Josias Solomon, amekaa na paja zima la paa bila tiketi yoyote, akajibiwa, “Josias ni mtu wa njiani. Wewe ni mgeni mwenye mtumbwi.” Yeye na mwalimu huyo, Reino, walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Julai 1978 katika kanisa hili hili, wakajaliwa Mireille mwaka 1980 na Aarne mwaka 1983, na wajukuu watatu.

Jambo hilo la Josias linahitaji kuelezwa, kwa sababu marehemu alitaka lielezwe. Kati ya Maili 40 na Maili 140 hakumkatia tiketi mtu aliyeishi kando ya reli. Alipokea samaki, bata bukini, ndoo ya matunda ya porini, au hakupokea kitu, kwa kuwa watu wale ndio walioondoa theluji kwenye njia, ndio waliotoa taarifa mti ulipoanguka, na makondakta waliomtangulia walifanya hivyo hivyo, naye aliona fahari kuendeleza desturi hiyo.

Treni ya abiria ilisafiri mara ya mwisho Ijumaa tarehe 28 Septemba 2012. Sababu ilibandikwa mlangoni pa stesheni, kwamba katika miaka mitano, kati ya maili hizo mbili, walipanda abiria kumi na tisa tu. Watu walicheka. Emelda Solomon, mke wa Josias, alisema, “Kumi na tisa? Mimi peke yangu nina watoto tisa.” Délima alicheka pamoja nao, kisha akarudi nyumbani, akaketi mezani bila kuvua koti, akamwambia mumewe, “Reino, hao watu nimewafuta mimi.” Mumewe alimweleza kwamba kwa hesabu yoyote treni ingefutwa tu. “Usinifariji kwa makadirio,” alisema, na jambo hilo hawakulizungumza tena kwa namna hiyo, walilifanyia kazi.

Kuanzia Jumanne iliyofuata, kila Jumanne na Ijumaa, siku zilizokuwa za treni, saa mbili asubuhi, Délima aliketi kwenye radio ya upepo jikoni kwetu akamwita kila mtu wa njiani, akamwuliza kama leo angesafiri, kwenda wapi na kwa shida gani, akaandika daftarini. “Ningekwenda kwa daktari wa meno,” alisema Josias. “Jino lipi?” “Lile lile la Ijumaa.” “Bado halijang’oka?” “Nitaling’oa na nini, Délima, na shoka?” Aliandika jino hilo mara kumi na moja. Aliandika pia mama aliyejifungulia juu ya pikipiki ya theluji, na mzee aliyefia Maili 112 akisubiri helikopta ambayo mawingu yaliizuia, na Reino aliyakagua madaftari yote, hakupata jina lililoongezwa.

Tarehe 11 Aprili 2019 kilifanyika kikao cha kusikiliza wananchi katika ukumbi wa mji huu. Délima alikwenda amevaa koti la kondakta, akaweka madaftari mezani, akasema, “Ile kumi na tisa yenu ni yangu. Watu walikuwepo, sikuwaandika. Sasa nimewaandika.” Wakili wa kampuni ya reli akamwuliza kama anatambua kwamba anakiri kosa la kazi. “Natambua. Chukueni pensheni yangu, rudisheni treni.” Pensheni haikuchukuliwa. Tarehe 2 Juni 2022 ilitangazwa kwamba treni itarudi, tena itaongezwa, ifike kusini hadi kwenye hospitali kubwa, na kaskazini hadi kijiji cha Wakri, wenyeji wa asili wa kaskazini, mwisho wa reli, ila katika ratiba mpya, kati ya Maili 40 na Maili 140, haikuandikwa hata sehemu moja ya kusimama.

Figo zake ziligundulika zimechoka Januari 2023, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Alipoambiwa apumzike aliandika barua za kudai treni isimame kwa watu wa njiani, zimehesabika sitini na mbili, alijibiwa nne.

Treni ya kwanza iliondoka hapa Jumanne tarehe 5 Novemba 2024, naye alikuwamo, mgeni wa heshima. Maili 88 walisimama Josias na Emelda na mizigo yao kwenye theluji, wakipunga, na treni ikapita. Délima, mwenye umri wa miaka sabini na tatu, aliinuka, akavuta breki ya dharura. Kondakta kijana alikuja mbio, “Mama Kallunki, umefanya nini?” “Nimesimamisha treni, mwanangu. Wewe ulikuwa unangoja nini?” Kisha akaushikilia mlango dakika kumi na nne, mpaka Josias, aliyekuwa na miaka sabini na tisa, alipofika kwa miguu na kusema, “Siku hizi mnasimama mbali sana.” Kampuni ilimpiga marufuku kupanda treni zake maisha yake yote.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Januari mwaka huu, na Jumanne tarehe 18 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka miwili, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa reli, na watu wote wa njiani waliojibu radio. Kampuni ya reli imetuma salamu, tumezipokea.

Marehemu atazikwa Maili 88, kando ya baba yake. Wana wa Josias wamekoka moto juu ya ardhi kwa siku tatu hadi ikalainika, na kaburi liko tayari. Kampuni imetujulisha kwa barua kwamba treni haitasimama hapo, imetushauri tutumie pikipiki za theluji. Tumejibu kwamba marufuku ya maisha yote iliisha Jumanne, kwamba jeneza litapakiwa katika treni ya leo saa saba na dakika arobaini mchana, na kwamba waombolezaji arobaini na mmoja wana tiketi. Watu wa njiani wako pale tangu jana, watapunga. Na mumewe, ambaye katika miaka sabini na mitano hajavunja sheria yoyote ya reli, ameomba kiti cha behewa la kwanza, chini ya mpini wa breki.

Délima, amani tutakutakia ukishashushwa. Kabla ya hapo, usipumzike.