Yule Mzee Anayepita Mbio

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili ya trekta, nje ya duka la spea, pale barabara ya Maswa inapoingia mjini Bariadi. Faki anaweka birika lake la kahawa kwenye jiko la mkaa, kashata anazifunika kwa sahani, na sisi tunaketi kutazama nani kapita na kwa nini. Kuna Injinia, fundi baiskeli ambaye chuo anakijua kwa kukipita nje. Kuna Sheria, aliyewahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba, tangu siku hiyo hashindwi na mtu. Mimi wananiita Mizani, maana nilipima pamba ginneri, kiwanda cha kuichambua, hadi nikastaafu. Tukiulizwa tunafanya nini pale, tunasema tunakunywa kahawa. Uongo mtupu. Kahawa hata nyumbani naweza kuchemsha. Nisichonacho nyumbani ni mtu wa kumwambia imeungua.

Asubuhi hiyo tuliketi, jua likapanda, na yule mzee anayekimbia hakupita.

Faki: Leo Mwano vipi? Mbona kimya?

Injinia: Kachoka. Nilisema mimi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sheria: Yule anakimbia lami, sakafu umeiona wapi?

Injinia: Lami si sakafu ya serikali?

Niwaeleze hilo jina. Mwano kwa Wasukuma ni yowe la ng'ombe walioibwa. Ukilisikia, unaacha uji, unashika fimbo, unatoka mbio, maswali baadaye. Sasa huyu mzee alikuwa mgeni mjini, kahamia kutoka upande wa Mwanhuzi, kule Meatu. Siku ya kwanza alipotoka alfajiri na kaptula yake, mtu mzima mwenye mvi, anakimbia bila fimbo, bila ng'ombe mbele wala mbwa nyuma, watu wangefikiri nini? Mtu akapiga mwano. Nyumba zikafunguka. Wanaume wakamfuata na fimbo mpaka karibu na Somanda, na yeye kusikia kishindo nyuma akaongeza gia. Nilikuwepo. Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia tangu ujana. Tulipomfikia, watu wakawa wanamuuliza, "Ng'ombe wamepita wapi? Wangapi?" Akashika magoti, akahema, akasema hakuna ng'ombe. Daktari kamwambia akimbie, maana tangu mkewe afariki kichwa kimejaa na usingizi hauji. Tulicheka sana. Naye akacheka na sisi, halafu akauliza, "Kesho nani atakuja tena?" Tukadhani ni utani. Tukabeba fimbo zetu tukarudi kunywa uji.

Basi ikawa kila asubuhi anapita peke yake, nasi tunamwita Mwano. Akifika usawa wa kijiwe anapunguza mwendo, anainua mkono. Sisi tunainua vikombe. Kumkaribisha kahawa tulishindwa, maana mtu yuko mbioni utamwambiaje aketi? Hatukujua adabu ya jambo hilo ni ipi. Lakini nasema wazi: ule mkono ulikuwa salamu yangu ya kwanza ya siku, na siku hiyo niliukosa vibaya.

Injinia: Sikilizeni niwape utaalamu. Mwili ni injini. Umetoka kiwandani na kilomita zako. Sasa wewe asubuhi unaenda kuzimaliza bure, jioni utatembelea nini?

Faki: Kwa hiyo anayekaa kama wewe ataishi milele?

Injinia: Mimi bado niko na nailoni kwenye siti!

Faki: Kwetu Tanga tunasema, maji ya uvuguvugu na ndimu, ulale mapema, uamke uswali, ule chakula ukikaa na watu. Mwili unataka hayo tu.

Sheria: Hayo ya zamani. Siku hizi kuna kujipenda. Binti yangu Goodness alinipigia kutoka Mwanza, ananiambia, "Baba, jipende." Nikamuuliza, nijipende vipi, nijitongoze?

Injinia: Ungekataliwa.

Sheria: Anasema nitembee, ninywe maji, niongee na mtu yaliyo moyoni. Nikamwambia, mwanangu, ya moyoni nikimwambia Injinia, kesho yanatangazwa mnadani.

Tulicheka. Sheria alicheka kidogo kuliko sisi, akatazama kikombe chake.

Faki: Lakini Mwano anakimbia nini hasa? Mke kafa, sawa. Wangapi wamefiwa na hawakimbii?

Injinia: Yule katumwa na serikali. Anapima barabara kwa miguu kimyakimya. Siku moja utasikia kijiwe kimeingia kwenye hifadhi ya barabara. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sheria: Hapana. Kisheria, mtu anayekimbia kila siku njia ileile anatafuta haki ya njia. Akifikisha muda fulani, barabara inakuwa yake. Mimi kesi hizi nazijua.

Faki: Barabara ya lami iwe yake?

Sheria: Mvumilivu hula mbivu!

Injinia: Sasa nikwambieni ukweli wenyewe. Mawazo yana mwendo wake. Nimeyachunguza. Yanatembea kama punda wa mzigo, hayana haraka, ila hayachoki. Ukikaa yanakufikia. Ukitembea mnakwenda sambamba. Mwano kagundua kwamba ukikimbia unayaacha.

Faki: Akisimama je?

Injinia: Ndiyo maana hasimami hapa. Yangemkuta hapahapa kwenye ubao, yakatuambukiza na sisi.

Hapo nilitaka kucheka nikashindwa. Kwa upuuzi wote anaoongea Injinia, siku hiyo alinigusa kidonda. Nyumbani kwangu mawazo yanaingia na kuketi kabla sijafunga mlango. Nikasema:

— Labda anaumwa. Tungeenda kumwangalia.

Injinia: Mtu wa mazoezi anaumwaje?

Sheria: Na tukienda tunaenda kama nani? Mtu hatujawahi hata kunywa naye kahawa.

Faki: Ngojeni kwanza. Atapita.

Tukangoja. Faki akamimina, tukanywa, akamimina tena. Malori ya pamba yakapita, wamama wa sokoni wakapita. Kila kaptula iliyotokea mbali tuliikazia macho, kumbe ni mwanafunzi. Mazungumzo yakaisha yenyewe, jambo ambalo pale kijiweni sijawahi kuliona. Mwisho birika likaanza kutoa masimbi, yale machicha ya chini.

Ndipo ikafika pikipiki. Dereva alikuwa kijana tusiyemjua, kavaa refleta yenye jina la Danford mgongoni.

— Mwangaluka, wazee.

— Mwangaluka. Mhola?

— Mhola kiasi, si salama sana. Hapa ndipo kijiweni kwa Faki?

Faki: Ndiyo mimi, mwanangu. Kahawa imeisha lakini.

Danford: Sikufuata kahawa. Kuna mzee nimempeleka hospitali asubuhi. Yule anayekimbia. Lori lilimbana, akajirusha mtaroni. Mguu umeumia, ila anaongea.

Tulisimama wote. Ubao nao ukainuka upande, kashata zikamwagika.

Danford: Nesi kamuuliza ndugu zake wako wapi. Akasema wako kijiweni kwa Faki. Akasema, "Kawaambie, kila asubuhi huwa wananisubiri, wasije wakahangaika." Sasa ndugu yake nani hapa? Nimpakie.

Mtu tuliyemwacha akimbie peke yake, tukimcheka, yeye alikuwa ametuhesabu ndugu.

Injinia: Mimi. Mimi ndugu yake.

Sheria: Wewe Mkerewe, utakuwaje ndugu yake? Ndugu yake ni mimi. Kwa upande wa Meatu tuna undugu mkubwa sana.

Faki: Kama ni kumsubiri, mimi ndiye huwa wa kwanza kufika hapa. Mimi ndiye ndugu.

Sheria: Undugu hauna foleni!

Injinia: Una nini basi, hati?

Walianza kugombania undugu kama watu wanaogombea urithi, na kwa dakika hizo, kweli, tulikuwa na raha. Danford akazima pikipiki, akatungoja tumalize.

Danford: Sawa wazee, nyote ndugu. Anaitwa nani?

Nikajifanya narekebisha ubao.

Danford: Nauliza kwa sababu mapokezi watauliza mnamwona nani. Mimi nilimbeba tu, sikupata nafasi ya kumuuliza.

Injinia: Mwano.

Danford: Hilo mmempa ninyi. Jina lake.

Injinia akamtazama Sheria. Sheria akamtazama Faki. Faki akainama kuokota kashata. Viatu vya Mwano tulivijua, kwamba cha kushoto kilishonwa uzi mwekundu. Pumzi yake tuliijua, kwamba siku za baridi hukohoa akifika kwenye karavati. Jina hatukuwahi kumuuliza, na yeye kila siku alipunguza mwendo pale.

Niliona haya nikashindwa kuendelea kusimama pale. Nikapanda pikipiki.

— Twende, nikamwambia Danford. Nitamuuliza mwenyewe.

— Haya. Na wewe mzee unaitwa nani? Getini wanaandika jina la anayeingia.

Nikafungua mdomo niseme Mizani, nikajizuia. Nikamtajia jina alilonipa baba yangu, nikalisikia geni masikioni, kwa jinsi lilivyokaa muda mrefu bila mtu wa kuliita. Danford akapiga kiki. Tukiwa tunaingia barabarani nilimsikia nyuma yangu Faki, aliyenimiminia kahawa tangu nistaafu, akimuuliza Injinia:

— Kumbe Mizani anaitwa Luhaga?