Keki Iliyokataa Kisu Kule Uru

Saa moja kamili asubuhi, siku ya Jumatatu, king'ora cha kiwanda hakikulia. Mambo yalianzia hapo, ndugu zangu wa kikundi, na mimi nitaanzia hapo hapo. Mmeniomba niwaeleze nilivyoanguka na nilivyosimama, na mimi si mtu wa kurukaruka. Nikianza katikati nitapotea, nanyi mtapotea pamoja nami.

Nilikuwa mpika sukari kule mashambani, chini ya mji wa Moshi. Watu wengi hudhani sukari inatoka kwenye muwa ikiwa tayari sukari. Hapana. Juisi inachemshwa katika tangi kubwa mpaka ianze kushika chenga, yaani punje za sukari, na lazima awepo mtu anayejua wakati wa kuongeza moto na wakati wa kuuachia. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nachukua tone, nalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, navuta uzi. Uzi ukikatika mapema, bado. Ukivutika, karibu. Sikufundishwa darasani. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijifunza kwa vidole hivi na kwa kitabu kimoja cha zamani cha Kiingereza nilichokisoma kwa kamusi mpaka jalada likaachana nacho.

Asubuhi ile tulisimama nje ya lango bila kuambiwa neno. Baadaye akatoka bwana mmoja mwenye tai akasema kiwanda kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya anahitaji watu wachache. Hakutukana mtu. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitisha. Nikajua hakuna wa kubishana naye.

Nyinyi mliozaliwa hapa, nawaambia jambo ambalo huenda hamjalifikiria. Mwenyeji akipoteza kazi anapanda mlimani kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba yake. Bei ya kahawa inaweza kuwa imekufa, lakini migomba ipo na kaburi la babu lipo, na hakuna wa kumwambia toka. Sisi tuliokuja kufuata kazi kutoka Singida tulikuwa na nyumba ya kiwanda tu. Nyumba ya kiwanda inakwenda na king'ora. Kikinyamaza, nayo imekwisha.

Nililipia vyumba viwili hapa mtaa wa Soweto kwa mwaka mzima kwa kiinua mgongo walichonipa, nikalipa ada za watoto watatu, na kilichobaki hakikuwa na jina. Mke wangu hakungoja. Alianza kushuka Mabogini kununua mchele kwa wakulima, na kila Jumanne akapanda nao Uru, juu mlimani, kuuza sokoni, akirudi na ndizi za kuuza huku chini. Mimi nilitafuta kazi. Nilitembea mpaka walinzi wa mageti ya viwanda wakawa wananiamkia kabla sijafika.

Keki ilitokea wapi? Kule kiwandani, kila Krismasi, mke wa mkubwa wetu mmoja alikuwa anatuletea wapika sukari keki ya matabaka matatu. Kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, kinanata, kina chumvi kwa mbali. Wenyewe wanakiita batasikochi. Nilipokionja mara ya kwanza nilikitambua. Ilikuwa ni sukari yangu, isipokuwa imepelekwa mbele ya pale nilipozoea kuiachia, halafu ikatiwa siagi. Nikakaa bila kazi miezi mingi ndipo nikaikumbuka ladha ile, nikajiambia: mimi nafahamu kitu kimoja tu duniani, nacho ni sukari inayochemka.

Basi nikaanza. Sufuria kubwa, mchanga chini, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Tabaka la keki likitoka, naingiza lingine. Mama wa chumba cha tatu alikuwa anapita na ndoo yake anasema, "Baba, leo tena unaoka? Na mama yuko wapi?"

"Yuko sokoni."

"Haya. Dunia imegeuka." Kisha anasimama kusubiri kipande.

Sukari ya siagi ilinisumbua. Mara ya kwanza ilishika chenga, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kutafuta chenga, nikawa naikoroga kama niko zamu. Nikajifunza kuiacha itulie na kuidondoshea limao. Kisha likaja joto la Februari. Nilipanga matabaka matatu vizuri, baada ya saa moja la juu likawa limeteleza na kukaa upande kama kofia ya mlevi. Nikaongeza kupika. Nikapika mpaka tone likiangukia maji ya baridi linakuwa goroli. Keki ikasimama. Nikaiacha juu ya meza siku nzima kwenye joto la Soweto, haikusogea. Nikajiona nimemaliza elimu.

Kufikia Juni nilikuwa nimeuza keki chache kwa majirani, na mwaka wa kodi ya vyumba ulikuwa unakaribia kwisha. Jioni moja mke wangu aliniambia, bila ukali, kwamba ameamua. Atachukua watoto arudi nao kwa baba yake Singida, mimi nibaki natafuta. Nauli alikwisha kuiweka kando kidogo kidogo kutoka kwenye mchele, ameifunga kwenye pindo la kanga. Ataondoka Alhamisi ya mwisho ya Julai.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimewaona wenzangu wa kiwandani. Mke anarudi kwao "kwa muda". Baba anabaki "kwa muda". Baadaye mtoto anaulizwa baba yako yuko wapi, anasema Moshi, kama anavyotaja nchi ya nje. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha pumzi. Si njaa, ndugu zangu. Njaa nilikuwa naijua.

Mke wangu huyo huyo ndiye aliyenipatia kazi kubwa ya kwanza. Mama mmoja wa Uru juu, mteja wake wa mchele, alikuwa na binti anayepata kipaimara Jumamosi ile inayotangulia Alhamisi ya safari. Mke wangu akamwambia, "Mume wangu anaoka." Yule mama akacheka, kisha akasema, "Alete."

Nilioka usiku, nikapanga asubuhi, nikapandisha keki ikiwa kwenye boksi juu ya magoti yangu. Kule juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya migomba. Wakaniweka kwenye chumba cha sherehe, madirisha wazi, keki ikakaa pale kuanzia saa tatu, wengi wao wakiwa kanisani. Mezani pembeni yake wakaja kumweka mbuzi mzima wa kuchoma, yule wa heshima, ana majani mabichi mdomoni.

Saa saba na nusu msema chochote, yaani mshereheshaji, akatangaza keki. Binti akashika kisu, mama yake wa kipaimara akamshika mkono, watu wakaimba. Kisu kikaingia tabaka la juu, kikafika kwenye sukari yangu, kikasimama.

Wakasukuma. Kikasimama.

"Jamani, kateni!" akasema msema chochote. "Au leo tunafunga?"

Watu wakacheka. Wakasukuma tena. Meza ikatikisika, keki haikukatika. Meku mmoja, mzee wa ukoo, akanyoosha fimbo kuelekea kwa yule mbuzi. "Mbuzi wetu ana mifupa na anakatika. Hii ya mjini ina nini ndani? Leteni shoka!"

Shoka, shoka, wakaitikia vijana. Binti akakandamiza kwa mikono miwili. Tabaka la juu likabanduka na kuruka, likagonga gauni lake jeupe kifuani, likaanguka sakafuni kwa sauti ambayo keki haipaswi kuitoa. Hakuna aliyecheka tena. Binti alikuwa analia, na doa la kahawia lilikuwa linaonekana kutoka mlangoni.

Mama yake mzazi alinifuata nje. "Baba, chukua keki yako. Sitaki unirudishie hela, na tafadhali sitaki maneno." Nikainama nikasema pole. Akawa amekwisha kugeuka.

Nilishuka kwa miguu mpaka barabara kubwa, boksi kichwani. Nilifika nyumbani kama saa kumi na moja. Mke wangu alikuwa anakunja nguo za watoto. Aliniona usoni, akaendelea kukunja. Watoto hawana adabu ya huzuni, walikwisha kufungua boksi. Mkubwa akachukua kisu cha kukatia vitunguu.

Kikapita. Kikapita matabaka yote mawili yaliyobaki kama kinakata ndizi mbivu.

Nawaambia ukweli, nilikasirika kuliko nilivyokasirika siku ile ya lango. Niliona kama kuna mtu ananichezea. Nikasema kwa sauti, "Saa saba ilikuwa jiwe! Mbele ya watu ilikuwa jiwe!"

Mke wangu alikata kipande, akala. Kisha akaniuliza, "Kule juu ulivaa nini?"

"Shati."

"Ulihisije?"

"Nilitetemeka. Lakini hilo..."

"Mimi kila Jumanne napanda na sweta. Nikifika hapa stendi nimelivua. Mafuta yangu ya kujipaka, hapa ni maji, kule naingiza kidole hayatoki." Akalamba kisu. "Sasa wewe umeipandisha keki mlimani. Umeivalisha nini?"

Nikakaa chini. Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa anapanda na kushuka mlima ule mbele ya macho yangu, na mimi niliyekuwa nasoma kitabu kwa kamusi sikuwahi kumuuliza kule juu kukoje. Nilikuwa nimeipika sukari yangu kwa joto la meza yangu.

Akasema tena, "Ni tamu, lakini. Hilo huwezi kunyang'anywa." Kisha akarudi kukunja nguo. Msifikiri aliacha safari pale. Hakuacha.

Siku ya pili nikapika sukari ya siagi moja, nikawa naichota kila inaposogea mbele kidogo, namimina kwenye vikopo vya nyanya. Vikopo vitano, kuanzia laini mpaka goroli. Jumanne nikamwomba apande navyo, aviache kivulini pale sokoni mpaka mchana, kisha achomeke njiti ya kibiriti katika kila kimoja.

"Mimi nauza mchele au napima tope?" akasema. Lakini alivichukua. Jioni akarudi na majibu. "Cha kwanza, njiti inalala. Cha pili, inasimama inaegemea. Cha tatu mpaka cha tano nimevunja njiti."

"Basi tunayoitaka iko kati ya cha kwanza na cha pili."

"Basi pika hiyo ya katikati."

"Alhamisi unaondoka."

Akasukuma vikopo kwangu. "Nitaondoka ya wiki ijayo. Tumalize kwanza vikopo vyako."

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi. Mke wangu ndiye aliyezungumza naye. Akatupa mwezi mmoja wa kungoja, akasema anataka na yeye aone vikopo hivi vinaishia wapi. Wiki ikafuata wiki. Kila Jumatano nilisubiri aseme kesho naondoka, na kila Jumatano alisema wiki ijayo. Mimi nilikuwa nakazana kupika kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi.

Jumanne ya nne hakurudi na njiti. Alikuwa amekwenda na kikopo mpaka nyumbani kwa yule mama wa binti. Aliniambia walivyozungumza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta mchele?"

"Nimeleta mchele, na hii."

Yule mama akatazama. "Ndiyo lile jiwe?"

"Ndiyo lenyewe. Safari hii limevaa sweta."

Ndugu zangu, mama yule alikuwa na haki ya kukimwaga kikopo kile migombani. Gauni la mwanawe lilikuwa bado lina doa. Alichukua kijiko, akaweka ulimini pale pale kwenye baridi, akakaa nacho muda. Kisha akasema mdogo wake anabatiza mtoto Septemba, na kwamba nitaleta keki na kusimama mbele ya watu wale wale.

Nilisimama. Ukungu ulikuwa ule ule. Msema chochote aliponiona akaita, "Meku, shoka liko tayari?" Mzee akainua fimbo, nyumba nzima ikacheka, nami nikatazama mkono wa mama wa mtoto. Kisu kikashuka. Kikapita tabaka la kwanza, kikapita la pili na la tatu, kikagonga sahani. Ule mlio wa kisu na sahani bado nausikia mpaka leo. Kipande cha kwanza walimpa binti wa kipaimara. Akatafuna, akanitazama, akasema, "Baba, hii inanata kwenye meno." Kisha akanyoosha sahani aongezwe.

Tangu siku hiyo, mtu akija kuagiza namuuliza swali moja kabla ya bei: italiwa wapi? Wengine wananishangaa. "Nakuuliza hela, unaniuliza kijiji?" Nawaambia ndiyo. Ya Mabogini naipika mbele zaidi, isimame kwenye joto la mashamba ya mpunga. Ya Uru juu naiachia mapema. Sukari ni ile ile na siagi ni ile ile.

Namshukuru mwenye nyumba kwa ule mwezi. Namshukuru mama wa Uru, ambaye alikuwa ameharibiwa siku na bado akaweka kijiko mdomoni. Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki, mlionipokea mimi mtu wa kuja na kunikopesha sufuria ya pili. Na mke wangu, ambaye amekaa pale nyuma na hataki nimtazame: sina neno la kumtosha.

Kama kuna la kuwaachia, ni hili. Wewe uliyekwama leo, kazi yako huenda si mbovu. Huenda umeipima mahali ulipokaa wewe, bila kumuuliza anayepanda kule itakakokwenda. Na mtu huyo pengine unakula naye sahani moja.

Siku ya kwanza tulipokuja kujiunga hapa, mwekahazina alituuliza tunaanza na akiba kiasi gani. Mimi nikatazama mfukoni. Mke wangu akafungua pindo la kanga. Ilikuwa ile ile, noti na sarafu zimefungwa vile vile, nauli ya mtu mzima mmoja na watoto watatu kwa nusu nauli mpaka Singida, ambayo hakuna kondakta aliyewahi kuipokea: shilingi elfu ishirini na moja, mia mbili na hamsini.