Mawe Manne Chini ya Kihenge

Shikamooni wazee. Nanyi wengine, poleni kwa kutembea juani. Naomba niseme nikiwa nimekaa, magoti yangu hayavumilii tena kusimama. Nimeambiwa kwamba hapa Susuni nako kuna familia zinarudi, na kwamba wapo wanaozipokea kwa moyo na wapo wanaozipokea kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa wa mdomo. Ndiyo sababu nimetoka Natta kuja kwenu. Haya nimeyaandika kwenye daftari langu la kisomo cha watu wazima, nisije nikafika hapa nikayapamba. Majina ya watu sitayataja.

Nianze na mtoto.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Kikurya. Baba mkwe wake alihamia upande wetu zamani, kabla mimi sijaolewa pale. Kati ya mji wake na wangu palikuwa na njia ya ng'ombe tu. Binti yake, wa miaka minne hivi, alikufa kwa surua. Walimzika pembeni ya ua, na baada ya mazishi tulishuka mtoni, mimi na mama yake, kutafuta mawe ya kuweka juu. Alitaka mawe bapa. Tulipata manne. Mawili akabeba yeye, mawili nikabeba mimi, kwa safari mbili. Siku hizo yeye aliniita kwa jina la kifungua mimba wangu, nami nilimwita kwa jina la wa kwake. Jina lenyewe silitaji hapa, nitasema Mama Fulani.

Baadaye wezi walikuja wakachukua ng'ombe wa kijiji. Vijana saba walifuata nyayo, wakarudi sita. Wa saba alikuwa mwanangu, huyo kifungua mimba. Walisema alipigwa mshale akiwa anavuka mto, na mto ulikuwa umejaa, ukamchukua. Waliniletea katambuga moja, ya mguu wa kushoto. Ndugu zangu, nawaambia, utalilia kiatu siku ngapi? Watu waliokuja kunipa pole hawakujua waangalie wapi. Hapakuwa na udongo wa kushika. Na tangu siku ile hakuna aliyeniita tena kwa jina la mwanangu. Waliogopa kuniumiza. Wakawa wananiita shangazi, au mama tu.

Wezi wale sikuwajua. Mpaka leo siwajui, wala sijui walikuwa kabila gani. Lakini jirani yangu alikuwa Mkurya, na alikuwa karibu. Siku ya tatu, kisimani, nilisema mbele ya wanawake wenzangu, "Hawa ndio walioonyesha njia." Sikuwa nimeona kitu. Sikuwa nimesikia kitu. Nilisema kwa sababu nilitaka kuwe na mtu ninayeweza kumwangalia usoni nikamchukia.

Kesho yake mchana nikaona moshi. Paa lao lilikuwa linaungua. Wao walikwisha kuonywa, walikuwa njiani na watoto. Walikwenda Tarime pamoja na familia nyingine za Kikurya, halafu wakavuka mpaka pale Sirari kwa ndugu zao wa upande wa Kenya.

Moto ule sikuwasha mimi. Nalisema hilo kwa kuwa ni kweli, ila halijawahi kunisaidia.

Sasa nafika kwenye jambo langu hasa. Kila asubuhi nikitoka nje nililiona lile kaburi. Mawe manne yametulia. Nyumba imeungua, wenyewe wamekimbia, lakini mtoto wao ana mahali. Wangu ana katambuga. Siku moja nilivuka njia ya ng'ombe, nikayang'oa yale mawe moja moja, nikayaweka chini ya kihenge changu cha mtama ili mchwa wasipande. Msidhani nilikosa mawe mengine. Kwetu mawe hayakosekani, vilima vyetu ni mawe matupu. Nilitaka na yeye asiwe na mahali.

Mwaka uliofuata eneo lile liliingizwa kwenye shamba la kijiji, shamba la pamba. Trekta likaja. Dereva wake alikuwa mtu mwangalifu sana, akiona kiota cha kware anazunguka. Angeyaona mawe angekwepa. Hakuona kitu, akalima. Nilisimama mlangoni nikamwangalia anapita. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga.

Miaka ikaenda. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji tukatangaziwa kwamba waliokimbia wanarudi. Viongozi wa kwetu na wa Tarime, pamoja na watu wa kanisa, walikuwa wamekubaliana kwamba vijana wa Kinatta na vijana wa Kikurya wakae kambi moja, wafyatue matofali, wawajengee wanaorudi. Na kila siku kabla ya chakula cha mchana wakae chini wazungumze. Sisi wanawake tukapangiwa zamu za kupika.

Jirani alirudi na watoto wake, wakubwa sasa, wanasema Kiswahili cha Kenya. Hakuuliza kiwanja. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, vumbi la safari likiwa bado miguuni.

"Mama Fulani," akaniita, kwa jina la mwanangu. Miaka yote ile, yeye ndiye wa kwanza. "Mama Fulani, pole. Siku zile tuliogopa hata kuvuka njia. Sikuweza kuja kulia nawe."

Nikasema, "Asante."

"Mtoto wangu yuko wapi? Naona pamba tu, kaburi silioni."

Kihenge kilikuwa nyuma yangu, hatua kumi. Nikasema, "Trekta la kijiji lilipita. Mawe sijui yalikwenda wapi."

Akasema, "Trekta." Akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nilimpa maji. Hilo nililiweza.

Kazi ya matofali ikaanza. Wale vijana siku za kwanza walikaa mafungu mawili, kila fungu na karai lake la udongo. Halafu wakaanza kuchokozana, na nikajua wataelewana, maana humtanii mtu unayetaka kumuua.

"Wewe Mkurya, tofali unalikumbatia kama ndama wa kuiba!"

"Afadhali mimi nimelishika. Wewe unaliangalia kama mzungu anaangalia twiga."

Mazungumzo yao yalisimamiwa na katekista, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Aliwapa sharti moja. "Hapa usiseme ulichofanyiwa. Sema ulichofanya wewe." Wakanung'unika. Siku mbili walichora chini kwa vijiti tu. Siku ya tatu Mkurya mmoja akasema, "Mimi siku tunakimbia nilipita kwenye zizi la watu, nikafungua mbuzi. Tulimla njiani."

Kijana mwingine akaruka juu. "Kumbe ni wewe! Nilichapwa fimbo kwa ajili ya mbuzi huyo!"

Wakacheka, hata katekista akacheka. Kicheko kilipokwisha, kijana mmoja wa kwetu akasema huku akiangalia mikono yake, "Mimi nilishika kiberiti. Nilisikia kwamba kisimani mama zetu wamesema hao ndio walioonyesha njia. Nikaenda nikawasha."

Mtoto mkubwa wa jirani yangu alikuwa amekaa karibu yake. Alisimama akaondoka. Tukafikiri ndiyo mwisho wa kambi. Baada ya muda akarudi na ndoo ya maji kutoka mtoni, akaimwaga kwenye udongo, akaanza kukanyaga. Yule wa kiberiti akainuka, akaingia kwenye udongo, akakanyaga naye.

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga. Mwiko ulikuwa kitu cha kushika.

Kilichonivunja zaidi ni kuku. Yule dereva wa trekta alisikia habari za kaburi. Akaja kwa jirani yangu mchana, mbele ya kambi nzima, ameshika kuku mwekundu. Akavua kofia. "Mama, mimi kaburi sikuliona. Lakini kama ni trekta, basi ni mimi, maana halijiendeshi. Nakuomba unisamehe."

Jirani akapokea kuku. Akamwambia, "Wewe umekuja. Hakuna mwingine aliyekuja."

Nilikuwa mbali kama kutoka hapa hadi ule mlango. Mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa kosa langu, kwa kuku wake. Na bado sikusema. Nataka mlijue hilo.

Halafu ule udongo wa kwanza ukaonekana una mchanga, matofali yanapasuka yakikauka. Vijana wakatafuta, wakapata udongo wenye kunata kwenye kona ya shamba la pamba. Mwenyekiti akawaruhusu wachimbe. Mimi nilijua ile ni kona gani. Mama wa mtoto hakujua, kila alama ilikuwa imelimwa.

Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeinjika uji, nikasikia majembe yanagongana, wanagawana sehemu. Niliacha sufuria motoni. Nilivuka njia ya ng'ombe haraka kadiri ya magoti yangu, nikapita katikati yao, nikasimama pale. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kuinua jembe.

"Mama, sogea, tutakukata mguu."

"Hapa msichimbe."

"Mwenyekiti ameruhusu, mama."

"Hapa kuna mtoto."

Majembe yakashuka. Mmoja wao akakimbia kumwita jirani. Alikuja na kanga moja tu, hajafunga hata kitambaa. Akaniangalia nilivyosimama.

"Umejuaje ni hapa?"

"Mawe niliyatoa mimi," nikasema. "Si trekta. Niliyatoa kabla ya trekta. Yako chini ya kihenge changu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatengeneza kwa miaka. Yote yakanikimbia, likabaki la kweli. "Wako alikuwa na mahali. Wangu hana."

Hakunipiga. Hakunikumbatia pia, msitegemee hilo. Akasema, "Yalete."

Kihenge kilikuwa kimejaa mtama. Vijana walileta magongo, wakainua, yule wa kiberiti upande mmoja na mtoto wa jirani upande wa pili. "Nyanyua kwako, unazubaa nini?" "Wewe ndiye unayezubaa!" Mimi nikapiga magoti nikavuta mawe, nikaingiza magogo mahali pake. Mama wa mtoto akayapanga mwenyewe kaburini. Nilipotaka kumsaidia akaniondoa mkono, taratibu tu, kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye chakula. Nikasimama pembeni. Uji ulikuwa umeungua. Waliunywa hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Wiki ile nilikwenda kisimani saa ambayo wanawake wote wako pale, nikasema, "Lile neno la walioonyesha njia, nililitunga." Wengine waliondoka na ndoo tupu. Nilikwenda pia kwa dereva. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa, akasema, "Na kuku wangu je? Nitakwendaje kumdai?" Nikampelekea wa kwangu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka siku ile, ila nilishukuru kuna mtu aliyecheka.

Jirani hakusema nami masika yote. Salamu tu, na salamu fupi. Nyumba yake ikaisha, akaingia. Nilimwona jioni akifagia kando ya kaburi, nami nikakaa ndani mpaka amalize. Kihenge changu kilibaki juu ya magogo. Mchwa wakayala, kikaanza kuinama. Vijana walitaka kuniletea mawe ya mlimani, nikakataa. Sikuweza kuona tena jiwe chini ya mtama wangu.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikuwa napepeta, nikamwona anashuka mlimani na jiwe kichwani. Jiwe bapa. Nikajua anapeleka kwa mtoto wake. Akapita kwake, akavuka njia ya ng'ombe, akalitua mlangoni kwangu.

"Mama Fulani," akasema, kwa jina la mwanangu. "Kihenge chako kitaanguka."

"Nimeona."

"Mchwa wamefika juu."

"Nimeona."

"Basi shika upande ule."

Tukainua sisi wawili, tukatoa gogo moja, tukaliingiza jiwe. Akajipangusa mikono, akaenda zake. Hakusema kama ataleta jingine, na mimi sijauliza.

Nawashukuru wale vijana, ambao walituonyesha sisi wazee namna ya kusema. Namshukuru katekista kwa sharti lake. Namshukuru dereva. Jirani yangu bado sijui nimshukuruje, kwa hiyo namwamkia kila asubuhi.

Na ninyi mnaopokea watu, mimi sina la kuwafundisha zaidi ya hili. Anayerudi akifika mlangoni kwako atauliza jambo. Ukiona jibu linalokuja haraka mdomoni ni trekta, lizuie kwanza. Geuka uangalie nyuma yako kuna nini.

Kihenge changu kimeinama mpaka leo. Upande mmoja una jiwe, pande tatu zina magogo. Mtama haujamwagika.